Konokono Kumi na Wawili kwa Dhamana

2 Machi

Mvua imeanza, na gari la samaki nalo limefika. Vyote viwili vimenikuta sijajiandaa. Tumepokea samaki mmoja wa bluu, bapa kama sahani, na konokono kumi na wawili wa kusafisha kioo. Wote wameingia mahabusu.

Hapo nieleze, maana Mama anasema atakayeliokota daftari hili atadhani nafanya kazi polisi. Mahabusu ni tangi la kutengea wageni, lipo chumba cha nyuma cha jumba letu la samaki. Hakuna kiumbe anayeingia tangi kubwa, lile wanalokuja kulitazama watu, kabla hajakaa mahabusu siku arobaini tukimkagua mapezi, macho na pumzi. Kumtoa mapema tunaita kumpa dhamana. Miaka kumi na moja niliyokaa hapa, hajapewa dhamana hata mmoja. Sheria niliitunga mimi, na anayeinung'unikia anajua mlango ulipo.

Mahabusu anaisimamia somo wangu. Tuna jina moja, herufi kwa herufi, ndiyo maana tunaitana Somo, na jumba zima linatuita hivyo hivyo. Kwenye daftari la mahabusu mimi nikitia sahihi naandika jina na moja, yeye jina na mbili, kwa kuwa nilimtangulia kazini miaka miwili. Nyavu zake nyekundu, zangu nyeupe. Ndoo zake nyekundu, zangu nyeupe. Hatuazimani hata kitambaa cha kufutia, ila mengine yote tunaazimana, mpaka viatu.

5 Machi

Mvua. Chumvi ya maji ipo sawa. Bibi kala kamba mzima na kutaka wa pili.

6 Machi

Nimesoma ya jana nikaona nimemwandika Bibi kama mtu. Bibi ni anemoni, mnyama anayefanana na ua, mikono yake kama tambi inapepea majini. Nilimpokea akiwa saizi ya kifungo cha koti, leo anajaa sinia. Samaki wawili wa chungwa wenye mistari myeupe wanalala ndani yake kama wapangaji. Pamoja naye wamo kamba wasafishaji, viti vya pweza wenye umbo la nyota, majongoo bahari na konokono wazee. Wote hao ni wanyama wasio na uti wa mgongo, na tone la dawa ya shaba linawamaliza. Shaba inaponya samaki, inaua hawa. Kazi yangu yote iko katikati ya hayo mawili.

9 Machi

Mkuu wa jumba kapita akipunga mikono. Tarehe 26 kuna ugeni mzito, watu wa kufadhili paa jipya, na kioo cha tangi kubwa kimeota mwani.

"Watu watadhani tunafuga mchicha," akasema. "Na yule wa bluu namtaka humu."

"Yule ana hukumu mpaka tarehe kumi na moja Aprili."

"Samaki hajui kalenda, mama."

"Ugonjwa unaijua, Mkuu."

Akacheka. Watu wanasema mimi natia chumvi katika kila kitu, nami nawajibu ndiyo, nalipwa kwa hiyo. Somo alikuwa nyuma yangu, akasema taratibu, "Somo kasema kweli, Mkuu." Nilijisikia nimeegemea ukuta wa mawe.

13 Machi

Umeme umekatika kutwa. Spana, fundi wetu wa pampu (haiachi spana hata akienda kunywa chai), kaendesha jenereta. Maji yamepoa. Samaki wakipata baridi wanalegea, na wakilegea maradhi yanapata mlango.

16 Machi

Somo kaja nyumbani kula. Mama kamtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari, na mwenzangu kainywa yote bila kukunja uso. Nilipogundua nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Macho ya Mama yamezidi," Somo akaniambia mlangoni. "Mpeleke kliniki. Chukua ile Jumatatu ya tarehe ishirini na nne. Nenda tu, Somo, mimi nipo."

Mama akapaza sauti toka ndani, "Nimesikia! Macho mabovu, masikio mazima!" Kisha akamwita arudi achukue bakuli la chakula cha watoto. Anamwita "mwanangu" kwa sauti ileile anayoniitia mimi. Sina dada wa tumbo moja, na sijawahi kuona upungufu.

20 Machi

Samaki wa bluu ana madoa meupe. Saba ubavu wa kulia, kama kanyunyiziwa chumvi. Anajikuna kwenye bomba. Nimemwambia Mkuu: unaona? Angekuwa tangi kubwa leo tungekuwa tunalia. Mkuu kaangalia saa.

Mahabusu itatiwa dawa ya shaba. Lakini humo mna konokono kumi na wawili, shaba itawaua, basi lazima watoke kwanza. Tena hawawezi kwenda tangi kubwa. Konokono haugui madoa, lakini mayai ya huo ugonjwa yanaganda kwenye kombe lake, yanasubiri. Akiingia na samaki, yanapasuka. Atakaa peke yake, maji yake, taa yake, bila samaki hata mmoja, siku sabini na sita, mpaka mayai yafe njaa. Tuna tangi dogo la kazi hiyo chini ya ngazi. Nimemweleza Somo neno kwa neno. Dawa ikija atawahamisha.

"Sabini na sita, Somo," akasema. "Hicho si kifungo, ni maisha."

24 Machi

Nimempeleka Mama kliniki ya macho. Foleni mpaka jioni. Somo kanishikia zamu. Mvua kutwa.

25 Machi

Dawa ilifika jana, na mahabusu imeshatiwa shaba. "Konokono wamehama?" "Wamehama." Taa ya chini ya ngazi inawaka.

26 Machi

Ugeni umekuja na kuondoka na viatu vyenye tope. Kioo kiling'aa mpaka nikajishangaa. Mkuu kasema konokono hao wanafanya kazi kweli. Nikamjibu ni wazee wangu, wamepata nguvu mpya. Somo alikuwa anafunga mwavuli.

31 Machi

Mvua. Taa ya chini ya ngazi inawaka. Nikiiona asubuhi moyo unatulia, najua nyuma yangu pana mtu.

2 Aprili

Mvua. Bibi kajikunja kidogo. Nadhani ni baridi. Taa inawaka.

4 Aprili

Mmoja wa wapangaji wa Bibi ana madoa mawili kwenye pezi.

Nilikaa nikimtazama mpaka Spana akauliza kama nimeganda. Nikahesabu upya. Mawili. Nikaenda kwa yule mwenye mistari ya njano, manne. Kufikia mchana sikuwa nahesabu tena.

Hebu nifikiri. Hakuna samaki mpya aliyeingia. Nyavu hazijachanganywa. Je, ni mkono wangu? Niligusa kitu mahabusu nikasahau kunawa? Nimejipekua kama mtu aliyepoteza funguo. Somo kanisaidia kufikiri. Kasema labda ni maji ya gari, labda ni mikono ya wageni wa tarehe 26. Alikuwa ananishika bega wakati anasema.

6 Aprili

Wamekufa watatu. Mkuu kasema tumwage shaba tangi kubwa, yaishe. Nikamwambia yataisha kweli, tena yote: Bibi, kamba, viti vya pweza, majongoo. Asubuhi utakuta supu. Akasema watu hawaji kutazama majongoo. Nikasema basi atanimwaga mimi kwanza.

Njia ni moja tu: kuwatoa samaki wote, kuwatibu mahabusu, na kuliacha tangi kubwa na wasio na uti wa mgongo peke yao siku sabini na sita.

8 Aprili

Siku tatu tumevua kwenye tangi letu wenyewe. Kuvua samaki kumi na mmoja kati ya mawe bila kumkanyaga Bibi si mchezo. Mgongo wangu umekuwa wa bibi kweli. Wawili wamekufa mikononi, mmoja wao mpangaji wa chungwa. Mwenzake tulipomtoa alikuwa anazungukazunguka mahali Bibi alipo, hataki kutoka. Nililia na maji yakiwa kifuani. Somo naye alilia. Nayaandika machozi yake kwa sababu niliyaona.

Wamebaki tisa. Nimehesabu: tangi kubwa litapokea samaki tarehe 23 Juni.

10 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Mkuu katuita ofisini, mimi, Somo na Spana. Daftari la mahabusu lilikuwa wazi mezani. Akasoma: "Tarehe 24 Machi. Konokono 12. Dhamana. Tangi kubwa." Chini yake jina. Hakuna moja, hakuna mbili. Jina tupu.

Konokono! Papo hapo nilielewa ugonjwa ulipita wapi. Kioo kile kinachong'aa! Nikageuka kwa Somo anieleze, kwa kuwa mahabusu ni yake.

Mkuu akamuuliza yeye, "Jina hili la nani?"

Somo alitazama sakafu.

"La somo wangu, Mkuu."

Nikasema "Mimi?" Mkuu akasema sheria niliitunga mwenyewe, tangi kubwa ni langu mwenyewe, nani mwingine angeingiza kitu humo? Nikajaribu kukumbuka tarehe 24 nilikuwa wapi, nikashindwa. Siku za mvua zote zina sura moja. Na hili ndilo linaloniua: kwa dakika nzima nilidhani labda ni kweli. Labda nilichoka, nikawatia, nikasahau. Nilimwamini yeye kuliko nilivyojiamini mimi.

Kuanzia kesho niko dirisha la tiketi. Matangi yote mawili ni ya Somo.

11 Aprili

Tiketi nne. Mtoto mmoja kauliza samaki wako wapi, nikamwambia wanaumwa. Mama yake kadai tiketi ni bure basi.

12 Aprili

Mvua kubwa, hajaja mtu. Nikatoa daftari hili mkobani, nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Nikakuta mstari mmoja mfupi ambao sikumbuki hata kuuandika.

*Nimempeleka Mama kliniki ya macho. Foleni mpaka jioni. Somo kanishikia zamu.*

Nimeusoma mara ngapi sijui. Kadi ya kliniki ya Mama imo mkobani, kwa kuwa miwani yake tunaichukua Jumatatu. Muhuri wake umepigwa tarehe 24 Machi. Na aliyenichagulia siku hiyo ni nani? Nenda tu, Somo, mimi nipo.

Bado nimeishika kadi, Spana akaja dirishani, amelowa chapachapa. "Mama, mimi simo," akasema, "lakini Mkuu kaagiza shaba tangi kubwa. Eti lipone haraka, ili shule zikifunguliwa samaki wawe wamerudi. Mwenzako anapima dawa saa hii."

Niliacha tiketi, niliacha mlango wazi, niliacha mwavuli.

Nilimkuta mlango wa mahabusu, chupa mkono huu, kipimo mkono ule.

"Somo, konokono wako wapi?"

"Si wapo chini ya ngazi."

"Nionyeshe."

Hakusogea. Nikaenda mwenyewe, nikainua kifuniko. Maji safi, kokoto safi, na taa inawaka juu yake kama kawaida. Hata uteute wa konokono mmoja kwenye kioo haukuwapo.

"Walikuwa konokono tu," akasema nyuma yangu. "Nishawatoa, ndoo iko mkononi, Mkuu kasimama pale anakitazama kioo, ananiuliza kweli tutakosa cha kukisafishia? Nikasema konokono hawaugui. Nikaandika kabisa, sikuficha. Halafu nikakumbuka ulivyonieleza. Nilijua utapiga kelele."

"Ningepiga. Kisha tungewatoa siku ileile, yakaisha."

Alikitazama kipimo mkononi.

"Na taa?"

Akaiweka chupa chini.

"Taa, Somo. Kila asubuhi ulikuwa unakuja kuiwasha."

"Ulikuwa unapita unaitazama," akasema. "Ulikuwa unafurahi ukiiona."

Jamani. Afadhali angenizaba kofi.

Nikamuuliza na juzi ofisini je? Hapo akainua uso, akanijibu kwa hasira, kama mimi ndiye niliyemkosea. "Wewe hawakufukuzi! Wewe unapiga kelele mpaka Mkuu anakuogopa, wewe ungepewa dirisha. Mimi ningepewa barabara. Nina watoto watatu, Somo. Isitoshe sikusema uongo. Hilo ni jina la somo wangu."

"Na la kliniki? Ulinichagulia siku makusudi?"

"Hapana!" Machozi yakamtoka. "Hilo nilisema kwa moyo mweupe. Nampenda Mama."

Naliamini hilo, na ndilo baya zaidi. Angekuwa nyoka tangu mwanzo ningejua la kufanya.

"Ulikuwa unamwaga hii leo," nikasema, nikaichukua chupa. "Mkuu hajui inachofanya. Wewe unajua. Umemlisha Bibi kwa mkono wako."

"Kaagiza," akasema.

Miaka kumi na moja nalisha wasio na uti wa mgongo, nikidhani wote wamo ndani ya kioo.

Nilikwenda kwa Mkuu nimelowa vilevile. Nikaweka mezani chupa, kadi ya kliniki, na daftari hili wazi kwenye tarehe 24. Akaitazama kadi. Akalisoma daftari, nahisi na la mchicha akaliona. Kisha akauliza mbona sikusema juzi.

"Hukuniuliza mimi," nikamwambia. "Ulimuuliza somo."

Akapiga meza kwa kidole. Akasema nirudi kwenye tangi langu, na shaba isiguswe bila mimi. Samahani haikutoka, nami sikuingojea. Naye ndiye aliyekitazama kioo kile akauliza cha kusafishia, lakini hilo halikuandikwa daftari lolote.

15 Aprili

Somo hakufukuzwa. Yuko dirisha la tiketi.

28 Aprili

Mvua. Bibi kafunguka kabisa. Kamba wametaga. Yule wa bluu kapona, anakula kama mjomba. Taa ya chini ya ngazi nimeizima mwenyewe.

9 Mei

Kila asubuhi napita dirishani. "Habari ya asubuhi." "Nzuri." "Mama hajambo?" "Hajambo." Basi. Leo kanirudishia bakuli la Mama, limeoshwa, limefungwa kwenye mfuko. Zamani lilikuwa linarudi na kitu ndani.

30 Mei

Mama kaja jumbani na miwani yake mipya kumwona huyo Bibi ninayemsifu. Kapita dirishani, nikasikia "mwanangu!" mpaka ndani. Wamekaa huko robo saa. Alipofika kwenye tangi akamtazama Bibi akasema, "Ndiye huyu? Tambi." Kisha akanitazama mimi.

"Somo wako kakonda. Mmegombana?"

"Hapana, Mama."

"Nimevaa miwani. Usinidanganye."

Sikumwambia. Sijui ninayemlinda ni nani, yeye au mimi. Nikisema, atakosa mtoto, na kosa si lake. Akanifuta maji shavuni, nikasema yamenirukia kutoka kwenye tangi.

14 Juni

Mvua imekatika. Samaki wote tisa safi, na wa bluu wa kumi.

23 Juni

Siku sabini na sita zimetimia. Nimewarudisha mmoja mmoja, wavu mweupe mpya. Mpangaji wa chungwa nilimwacha wa mwisho. Alisimama kidogo katikati ya maji, kisha akaingia kwa Bibi kinyumenyume, kama mtu anayerudi kitandani kwake.

Nikafungua daftari la mahabusu, nikaandika: samaki kumi, wamemaliza siku zao, tangi kubwa. Nikaandika jina. Nikataka kuweka moja kwa mazoea, nikajiuliza ya nini sasa, hakuna wa pili. Nikalifunga.

Kisha nikalifungua tena, nikatafuta tarehe 24 Machi, nikalinganisha. Majina yanafanana mpaka mkia wa herufi ya mwisho. Ni mwandiko wangu ule, aliniiga alipoanza kazi, nikaona fahari. Mtu akilisoma mwakani hatajua lipi la nani. Nikarudi kwenye ukurasa wa leo nikaweka moja, nikaipigia mstari.

Nilipokuwa natoka, dirisha la tiketi lilikuwa bado wazi. Akatoa kichwa, uso umechangamka kama zamani.

"Wamerudi, Somo?"

"Wamerudi, dada," nikamwambia, kama ninavyomjibu mtu yeyote nisiyemjua, nikaenda zangu.